Chembe si Michembe: Niliyojifunza Nikifundisha Hali za Maada Mwanza

Mara ya kwanza nilipoandika neno “chembe” ubaoni mbele ya Darasa la Tano, watoto wa madawati ya nyuma waliangua kicheko, na nilipouliza kulikoni, mmoja wao alisimama akajibu kwa adabu zote: “Mwalimu, umesahau mi.” Sikumwelewa. Nilikuwa mgeni Mwanza, nimetoka pwani na cheti changu cha ualimu, na sikujua kwamba michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikakauka, chakula ambacho nyumba nyingi za Wasukuma hukiweka akiba kwa miezi ya upungufu. Kicheko kile nilikichukulia kuwa utovu wa nidhamu. Niliwanyamazisha, nikawasomea maana ya chembe kama ilivyokuwa katika andalio langu la somo, wakainakili, na somo likaisha kabla ya kengele kulia.

Hiyo ilikuwa mwaka 2012, katika shule ya msingi iliyo mlimani upande wa Ilemela, ambako ukisimama dirishani unaliona ziwa kati ya mawe mawili makubwa, na upepo ukianza kuvuma mchana kutoka majini unaleta darasani harufu ya dagaa walioanikwa mwaloni. Kwa miaka mitatu niliendelea kufundisha vile vile, na sina budi kukiri kwamba matokeo ya mitihani yalikuwa ya kuridhisha. Watoto walijua kwamba maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi, kwamba hali zake ni tatu, yaani yabisi, kimiminika na gesi, na kwamba chembe za yabisi zimebanana, za kimiminika zimeachana kidogo, na za gesi zimeachana sana. Waliyaimba hayo kama wanavyoimba jedwali la kuzidisha.

Siku moja, kwa sababu tu chaki ya rangi ilikuwepo na muda ulikuwa umebaki, niliwaambia wachore kinachotokea ndani ya kipande cha barafu kinapoyeyuka na baadaye maji yake yanapochemka. Nilikusanya madaftari 94, nikayapitia jioni ile nikiwa nyumbani, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuona aibu. Binti mmoja aliyekuwa akiongoza darasa alizichora chembe za barafu zikiwa na pembe kama vipande vya sukari guru, za maji zikiwa duara laini zinazodondoka, na za mvuke zikiwa na mabawa. Wengi walikuwa wamechora jambo hilo hilo kwa namna nyingine: chembe zenyewe ndizo zilizokuwa zikiyeyuka, zikilainika na kuvimba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amechora chembe zile zile, za ukubwa ule ule, zikibadili mwendo na mpangilio wake tu. Nilikuwa nimewafundisha watoto hao kwa miaka miwili.

Tangu hapo nilianza kuwasikiliza kabla ya kuwafundisha, na jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba sehemu kubwa ya makosa yao ilitokana na maneno yetu sisi walimu. Tuanze na “yabisi”. Nilipowauliza wanalifahamu vipi neno hilo nje ya darasa, mikono mingi ilinyooshwa, kwa kuwa kila mmoja ana bibi anayeugua baridi yabisi. Mtoto aliyeujua ugonjwa wa viungo kwa jina hilo alikuwa amejijengea akilini kwamba yabisi lazima iwe kitu cha baridi, na kwa hiyo jiwe lililolala juani mchana kutwa halikuwa yabisi kwake mpaka jioni. Tena kuna “maada”, ambalo nusu ya darasa waliliandika “mada”, na sikuwalaumu, kwa sababu ubaoni mwangu kila siku kulikuwa na kichwa kilichoandikwa “Mada kuu”. Mmoja aliniuliza kwa nini mada zina hali tatu wakati kitabu kina mada nane.

Neno lililonitesa kuliko yote, hata hivyo, ni “kuyeyuka”. Kwa Kiswahili chetu barafu inayeyuka, na sukari nayo inayeyuka ndani ya chai, na mtoto ana haki ya kudhani kwamba matukio hayo mawili ni kitu kimoja. Nilijaribu kulitatua kwa maelezo nikashindwa. Siku iliyofuata nikaleta vikombe viwili vikavu vya plastiki, kimoja nikakitia kipande cha barafu na kingine kijiko cha sukari, nikaviweka dirishani, nikaendelea na somo jingine. Baada ya nusu saa kikombe cha kwanza kilikuwa na maji na cha pili kilikuwa na sukari ile ile. Barafu ilikuwa imehitaji joto peke yake. Sukari ilikuwa inasubiri maji. Niliwauliza: mkitia sukari majini ikapotea machoni, imekuwa kimiminika? Wakaonja. Kijana mmoja akasema sukari imejificha katikati ya maji, na nikamwambia arudie kwa sauti, kwani hakuna alichokosea: chembe za sukari hutawanyika kati ya chembe za maji, ilhali chembe za barafu inayoyeyuka haziendi kwa mgeni yeyote, zinaachia tu mpangilio wake na kuanza kuteleza zenyewe kwa zenyewe. Sasa huwa nasema “kuyeyuka kwa joto” na “kuyeyuka majini”, na simruhusu mtoto aseme neno hilo likiwa peke yake mpaka mwezi ule uishe.

Baada ya hapo niliirudia michembe, safari hii kwa makusudi. Mama wa mwanafunzi mmoja, anayeuza viazi gengeni, alitupimia kwa mizani yake kilo 3 za vipande vilivyokwisha kumenywa. Tukavianika juu ya mkeka kwa siku nne za jua kali, kisha tukavipima tena, vikawa karibu kilo 1. Kilo mbili zilikuwa zimekwenda wapi? “Zimekauka, Mwalimu.” Zimekauka zikaenda wapi? “Jua limezinywa.” Nilipoendelea kuwabana walianza kubishana wenyewe, kwa sababu wale wanaoishi karibu na mwalo walijua kwamba dagaa hukauka hata siku ya mawingu ikiwa kuna upepo, na jua lililojificha haliwezi kunywa kitu. Ndipo wazo la chembe lilipopata kazi. Chembe za maji zilizo juu ya kipande cha kiazi hazina mwendo mmoja. Zipo za taratibu na zipo za kasi, na zile za kasi hujitoa kwenye wenzake na kuondoka hewani, huku upepo ukizipeleka mbali zisipate nafasi ya kurudi. Jua huongeza idadi ya zile za kasi. Wala maji hayahitaji kufikia kuchemka ili yaondoke, na Ziwa Victoria lenyewe ni ushahidi: maji mengi zaidi huliacha kwa njia hiyo ya kimya kuliko yale yanayotoka kwa Mto Naili kule Jinja.

Suala la udogo lilinipa taabu ya aina nyingine. Chembe, katika Kiswahili cha kawaida, ni punje: chembe ya mchanga, chembe ya mtama. Kwa hiyo mtoto anapoambiwa kwamba maji ni chembe, anafikiri kwamba akikazia macho ataziona. Zaidi ya hapo, mchanga unamiminika, unachukua umbo la ndoo, na mvulana mmoja alinibana vizuri sana aliposema kwamba kwa mujibu wa daftari lake mchanga ni kimiminika. Tulilazimika kuchukua punje moja ya mchanga, kuiweka juu ya karatasi nyeupe na kuikagua: ina pembe, haibadiliki umbo, ni kijiwe kamili. Mchanga ni yabisi nyingi ndogo zinazobiringika, na kila punje ina chembe zisizohesabika ndani yake.

Zisizohesabika kiasi gani? Hapo nilipata hesabu ambayo nimeipenda kuliko zote, na naifanya na Darasa la Sita kila mwaka ubaoni, sifuri moja baada ya nyingine. Ziwa Victoria lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800 na kina cha wastani cha mita 40, na ukizidisha unapata kilomita za ujazo 2,750 hivi. Tukichukulia kwamba mililita moja hutoa matone 20, ziwa zima lina matone yanayoandikwa kwa 55 na kufuatiwa na sifuri 18. Sasa chukua tone moja tu kati ya hayo. Chembe za maji zilizomo ndani ya tone hilo, ambazo tukitaka kuwa sahihi tunaziita molekuli, ni nyingi mara 30 kuliko matone yote ya ziwa, la Mwanza, la Bukoba, la Musoma, la Kisumu na la Entebbe pamoja. Huwa nanyamaza nikifika hapo. Kuna mwaka watoto walikwenda dirishani bila kuruhusiwa, wakasimama wakilitazama ziwa, na sikuwarudisha.

“Aliziona nani?” ni swali linalofuata bila kukosa, na ni la haki. Nawaeleza kwamba mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown alitazama kwa hadubini punje ndogo zilizotoka kwenye chavua zikielea majini, akaona zinatikisika bila kukoma ingawa hazikuwa na uhai. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba mtikisiko huo ungetokana na kugongwa na chembe za maji zisizoonekana, na Jean Perrin wa Ufaransa akapima jambo hilo kwa makini kiasi cha kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1926. Kwa maneno mengine, hata watu wazima wasomi walibishana kwa muda mrefu kabla ya kukubali, na mtoto wa miaka kumi na mmoja asilazimishwe kuamini kwa dakika 40.

Kosa langu kubwa kuliko yote lilifichuliwa na bomba la sindano. Nilikuwa nimenunua mabomba mapya, yasiyo na sindano, kutoka duka la dawa, ili nionyeshe kwamba hewa inabanika. Unavuta hewa mpaka mililita 10, unaziba tundu kwa kidole gumba, unasukuma, na mtoto mwenye nguvu anafika mililita 5. Watoto walifurahi. Kisha, bila mimi kupanga, kundi la nyuma lilivuta maji badala ya hewa, likaziba, likasukuma, na bomba likakataa katakata. Wakapokezana, wakasimama na kulilalia, lakini maji hayakusogea. Binti mmoja mpole, ambaye mama yake huuza barafu za ubuyu nje ya geti letu, alikuja na daftari lake akanionyesha mchoro ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimewapa, wenye visanduku vitatu: cha kwanza kimejaa viduara, cha tatu kina vinne tu, na cha katikati kina nusu ya kile cha kwanza. “Mwalimu,” akasema, “kama kwenye maji kuna nafasi yote hii, mbona hayabanwi?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamjibu kesho, jambo ambalo siku zile niliona ni fedheha. Usiku nilikaa na vitabu nikatambua kwamba mchoro ule, ambao nilinakili kutoka kwa mwalimu wangu naye bila shaka alinakili kwa wake, ulikuwa na makosa. Chembe za kimiminika hazijaachana nusu kwa nusu kati ya yabisi na gesi. Zimegusana karibu sawa na za yabisi. Tofauti ni kwamba hazina safu wala nafasi za kudumu, kila moja inaweza kumpita mwenzake. Katika gesi ndipo penye uwazi wa kweli, kwa kuwa katika hewa ya kawaida umbali kati ya chembe na chembe ni karibu mara kumi ya upana wa chembe yenyewe, na hii ndiyo sababu lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke hujaza zaidi ya lita 1,600. Asubuhi nililifuta kosa langu mbele ya darasa, nikamwita yule binti aje ajaze viduara katika kisanduku cha katikati mpaka visibaki na pa kupumulia, ila avipange ovyo. Alivipanga ovyo kwa uangalifu mkubwa.

Hakuishia hapo. Kwa kuwa nilikuwa nimeandika kwamba chembe za yabisi zimebanana zaidi kidogo kuliko za kimiminika, alisema kwao haiko hivyo: mama yake hajazi mifuko ya barafu mpaka juu, kwa sababu ikiganda inavimba na kupasuka, na chupa ya maji iliyojazwa pomoni ikisahaulika ndani ya friza hutoka imetoa kitako. Basi barafu imechukua nafasi kubwa zaidi ya maji, si ndogo. Alikuwa na haki tena. Maji ni mkaidi kati ya vimiminika: yanapoganda, chembe zake hushikana kwa mpangilio wenye matundu, hivi kwamba vikombe 10 vya maji hutoa karibu vikombe 11 vya barafu, na ndiyo maana barafu huelea. Ukitaka kuona kanuni ya kawaida, tazama mafuta ya nazi au samli, ambayo sehemu iliyoganda huzama chini ya ile iliyo majimaji. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini vitabu huanzia na maji, ambayo ni ya pekee katika jambo lenyewe tunalotaka kulieleza, na jibu ninalolipata ni kwamba maji ndiyo pekee tunayoyaona katika hali zote tatu jikoni.

Na katikati ya chembe na chembe kuna nini? Karibu wote hujibu “hewa”. Nikiwauliza hewa nayo imeundwa na nini, hujibu “chembe”, nikiuliza kati ya hizo kuna nini, huanza kutabasamu mmoja mmoja. Kukubali kwamba hapo hapana kitu kabisa ni kugumu, na nimeacha kulazimisha.

Mchezo wa uwanjani wanaufahamu walimu wengi, nami niliufanya miaka mingi vibaya. Watoto wanakuwa chembe: kwanza yabisi, wamepangwa safu, kisha kimiminika, kisha gesi. Shida yangu ilikuwa kwamba nilipopaza sauti “Yabisi!” walisimama kama paredi ya asubuhi baada ya amri ya “mguu sawa”, wima, kimya, na hivyo nikawa nimewafundisha kwa miili yao kwamba chembe za yabisi hazisogei. Siku hizi nawaambia washikane mabega na kutikisika bila kuacha nafasi zao, na kadiri ninavyoongeza “joto” ndivyo wanavyotikisika zaidi mpaka mikono inaachia. Mtoto wa mpasua mawe, na hapa kwetu wako wengi, alieleza mbele ya wenzake jinsi baba yake anavyowasha moto juu ya mwamba kwa saa nyingi mpaka jiwe linatoa mlio na kufumuka tabaka. Wenzake wakasema chembe za jiwe zimevimba. Hapana: chembe ni zile zile, ila zinatikisika kwa upana zaidi na kusukumana, na mita moja ya mwamba wetu ikipanda nyuzi 100 hurefuka kwa pungufu ya milimita moja, kiasi ambacho kinatosha kuupasua kwa kuwa ngozi ya juu imepata moto na moyo wake bado wa baridi.

Upande wa gesi walikimbia uwanja mzima wakigongana, na baada ya dakika tatu gesi yote ilikuwa imeketi chini ya mwembe ikihema. Mmoja akauliza: “Mwalimu, chembe zenyewe hazichoki?” Sijapata kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Hazichoki. Zinapogongana, kasi iliyopotezwa na moja inachukuliwa na nyingine, na kwa jumla hakuna kilichopungua maadamu joto la mahali pale halijabadilika. Hewa tuliyokuwa tukiivuta chini ya mwembe ule ilikuwa na chembe zinazokwenda karibu mita 500 kwa sekunde, kasi kuliko sauti. Akaniuliza tena, mbona basi harufu ya dagaa inachukua muda kutufikia? Kwa sababu hakuna chembe inayopata njia nyeupe. Kila moja inagongwa mabilioni ya mara kwa sekunde na kugeuzwa, na kama si upepo wa ziwa kuzibeba zote kwa pamoja, harufu ile isingepanda mlima wetu kwa siku nyingi.

Nimeliacha hadi sasa jambo la kipimajoto kwa kuwa ndilo linaloendelea kunifuata. Niliazima kutoka sekondari ya jirani kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 110, tukawasha jiko la mkaa nje ya darasa, tukabandika sufuria ya maji, na mtoto mmoja akasoma huku mwingine akiandika kila dakika. Viputo vidogo vilivyojitokeza mapema tulivijadili: ile ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Maji yakaanza kutokota, viputo vikubwa vikapanda kutoka chini, na hivyo si hewa tena bali ni maji yenyewe yakiwa mvuke. Kipimajoto kikafika 96 kikasimama. Dakika tano, kumi, mkaa ukaongezwa, maji yakachafuka, kikabaki 96. Kitabu kilisema 100. Nikawaambia, Mungu anisamehe, kwamba kipimajoto ni kibovu, waandike 100.

Mvulana aliyekuwa akisoma namba alikataa kuandika. Hakusema neno, aliliacha pengo tu katika jedwali lake. Pengo lile lilinikera wiki nzima, mpaka nikaomba barafu kwa yule mama wa getini, ya maji matupu isiyo na sukari wala ubuyu, nikaiponda ndani ya kikombe, nikatia maji kidogo na kukichomeka kipimajoto. Kilisoma sifuri barabara. Hakikuwa kibovu. Kibovu kilikuwa kile kisomo changu cha pwani. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na shule yetu iko juu kidogo ya hapo, kwa hiyo hewa iliyo juu yetu ni pungufu na msukumo wake ni takribani asilimia 87 ya ule wa Dar es Salaam. Kiputo cha mvuke ndani ya sufuria huweza kuishi pale tu chembe zake zinaposukuma nje kwa nguvu sawa na hewa inayokandamiza kutoka juu. Hewa ikikandamiza kidogo, chembe hazihitaji kuwa na kasi kubwa hivyo, na maji huchemka mapema, kwa nyuzi 96. Na ukiongeza mkaa, joto lote la ziada linatumika kuzitoa chembe majini, si kupandisha namba. Nilirudi darasani nikaomba radhi, na yule mvulana akaijaza 96 kwa kalamu nyekundu aliyoazima kwangu.

Baadaye alikoseshwa. Katika mtihani mmoja wa majaribio, ambao hatukuutunga sisi, swali liliuliza maji huchemka kwa nyuzi ngapi, bila kutaja usawa wa bahari, naye akachagua jibu aliloliona kuwa karibu zaidi na sufuria yetu. Mama yake, muuza maharage ya kuchemsha na chapati, alikuja shuleni kunidai maelezo. “Shikamoo, Mwalimu,” alisema, ingawa ni mkubwa kwangu, na kwa namna alivyoitamka nilijua ameudhika. Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha daftari la mwanawe, nikamwambia kwamba ninawafundisha sasa kutoa majibu yote mawili, la baharini na la hapa kwetu, na kwamba nimeandika barua kuhusu swali lile, ambayo haijajibiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hiyo ndiyo sababu maharage yake yanachelewa kuiva kuliko alipokuwa akiyapika Tanga kwa dada yake.

Nikamwambia ndiyo, kwa sehemu, kwani chakula hapa huiva ndani ya maji yenye joto pungufu, na kwamba kifuniko kizito chenye jiwe juu yake kitamsaidia kidogo.

“Basi, Mwalimu,” akasema akijifunga kanga yake vizuri, “na mkaa nao wangetupunguzia bei kwa hizo nyuzi nne.”